Ukweli wa Maneno ya Mazoezi

Mwalimu wa lugha huinua kalamu mbele ya wanafunzi wake akauliza, "Hii ni nini?" Wanafunzi hujibu kwa sauti moja, "Hiyo ni kalamu." Hapana hata mmoja katika chumba kile aliyekuwa na shaka juu ya kitu kile. Mwulizaji anajua, waulizwa wanajua, na lau kalamu ingalikuwa na masikio, nayo ingalishangaa kuona habari zake zikiulizwa kila mwaka na watu walioizoea. Nje ya mlango wa darasa mtu aulizaye hivyo hudhaniwa kuwa ana ugonjwa wa macho, au anafanya dhihaka. Ndani ya mlango ule huitwa mwalimu mwema, na mkaguzi akimkuta katika hali hiyo humwandikia sifa.

Nataka kulitazama jambo hili kama suala la maadili. Vifaa tunavyotumia kufundishia watu kusema ni vingi: vitu halisi, picha za ukutani, kadi, mazungumzo yaliyotungwa, kinasa sauti, na siku hizi simu ya mkononi. Vyote hupimwa kwa swali moja, nalo ni kama vyafaa. Yaani, kama mwanafunzi hujifunza upesi na kukumbuka alichojifunza. Swali hilo ni la haki, lakini nyuma yake limesimama jingine ambalo aghalabu halipewi nafasi. Mtu anaposema huahidi, hukiri, hukana, huomba, hushukuru, husalimu. Kwa neno lake huaminiwa au hukataliwa. Ikiwa kusema ni jambo zito namna hiyo, basi yule mwanafunzi atamkaye maneno asiyoyakusudia, mbele ya mtu asiyetaka kuyajua, anafanya jambo gani? Je, anasema? Na kama hasemi, twamfundisha nini kwa miaka yote ile?

Lugha yetu yenyewe yatudokeza kitu. Neno zoezi latokana na kuzoea. Alizoeale mtu humwingia tabia, nasi hatuna budi kuuliza mazoezi ya kusema humzoesha mwanafunzi nini zaidi ya matamshi na ngeli za majina.

Swali hili si geni ulimwenguni. Augustine, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikuwa mwalimu wa ufasaha katika miji ya Carthage, Rome na Milan mpaka alipoiacha kazi hiyo mwaka 386. Katika kitabu chake cha Maungamo alijiita muuza maneno, wala hakulisema hilo kwa fahari. Humo anasimulia zoezi alilopewa alipokuwa mtoto shuleni. Aliamriwa aseme kwa maneno ya nathari hasira na huzuni ya Juno, mungu wa kike wa Warumi, alipoona kwamba hawezi kumzuia mfalme wa watu wa Troy asifike Italia. Watoto walijua kuwa maneno yale hayakusemwa kamwe na Juno yeyote. Hata hivyo, aliyeigiza hasira vizuri kuliko wenzake ndiye aliyepigiwa makofi. Augustine alipokuwa mtu mzima aliyaona makofi yale kuwa moshi na upepo. Nionavyo mimi, kilichomwuma hakikuwa hadithi yenyewe. Ni kule kufundishwa kulia bila msiba na kusifiwa kwa machozi yale, hata sifa ikawa ndiyo haja ya kusema.

Mtu huyo huyo, miaka michache baada ya kuiacha shule, aliandika mnamo mwaka 389 kitabu kidogo juu ya mwalimu, kwa namna ya mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodatus. Mwanzoni kabisa baba anamwuliza mwana watu hutaka nini wanaposema. Mwana anajibu kwamba hutaka ama kufundisha ama kujifunza, kwa kuwa aulizaye hutaka kujifunza. Baba hakubali. Hata aulizaye, asema, hufundisha, kwa maana humfundisha yule amwulizaye ni kitu gani anachotaka kukijua.

Kama maneno haya ni kweli, nami naamini kuwa ni kweli, basi yule mwalimu wa kalamu anafundisha kitu asichokikusudia. Swali lake halionyeshi kwamba anataka habari za kalamu, kwa sababu habari hizo anazo. Laonyesha kwamba anataka kuona ndimi zikimtii. Wanafunzi si wajinga. Huielewa maana hiyo siku ya kwanza, nao huanza kutazama uso wa mwalimu badala ya kuitazama kalamu. Ni vizuri pia kukumbuka ushuhuda mmoja wa Augustine juu ya kitabu kile. Asema kuwa mawazo yote yaliyowekwa katika kinywa cha mwanawe yalikuwa ya kijana mwenyewe, naye alikuwa katika mwaka wake wa 16. Kijana yule alikufa bado mdogo. Baba alipotaka kumsifu hakusema kwamba alitamka vizuri; alisema kwamba maneno yalikuwa yake.

Tupite kwenye picha. Mwaka 1658 huko Nuremberg, Johann Amos Comenius, mwalimu kutoka Moravia, alitoa kitabu kiitwacho Orbis Sensualium Pictus. Ni kitabu cha sura 150, chenye picha za vitu vya ulimwengu na maelezo yake kwa Kilatini na Kijerumani. Sehemu za picha zina tarakimu, na tarakimu hizo hizo zimewekwa karibu na maneno, ili kidole cha mtoto kiweze kusafiri toka kitu hata jina lake. Picha zote za sokoni na za shambani tunazotundika katika madarasa yetu, na kadi zote za wanyama na matunda, ni wajukuu wa kitabu hicho. Kinafunguliwa na mazungumzo mafupi. Mwalimu anamwita mtoto aje ajifunze hekima, na kauli ya kwanza ya mtoto ni swali: anataka kujua hekima ni kitu gani. Ni mwanzo mzuri ajabu. Mtoto haelekezewi kitu akitaje. Yeye ndiye aulizaye, tena auliza jambo ambalo wazee wenye mvi hawajalimaliza. Kisha vinafuata vilio vya wanyama kwa mpango wa alfabeti, kunguru akiwa wa kwanza, na baada ya hapo ulimwengu wote wapita mbele ya macho ya mtoto, umekwisha kutajwa. Wajukuu wa Comenius walirithi tarakimu na picha, wakausahau mlango ule wa kuingilia.

Atasema mtu: haya ni makali mno. Mwanafunzi wa useremala hupewa kwanza vipande vya mbao visivyo na kazi, akavikata, akavipiga randa, navyo hutupwa motoni. Hapana amwambiaye kwamba amefanya udanganyifu kwa kuwa hakutengeneza kiti. Vivyo hivyo, uongo hauwi uongo mpaka kuwe na nia ya kudanganya na mtu wa kudanganywa. Mwanafunzi asemaye darasani "Mimi ni daktari" hadanganyi mtu, kwa kuwa wote wamejua kwamba ni mazoezi.

Hoja hii ina nguvu, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Lakini kipande cha mbao hakina mwenyewe, na maneno mengine yana mwenyewe. Chukua salamu ya shikamoo. Katika darasa la wageni wanafunzi wawili wa umri mmoja huwekwa uso kwa uso, mmoja huambiwa aseme "Shikamoo," na mwingine aitikie "Marahaba." Kisha hubadilishana. Kwa mgeni hizo ni sauti mbili. Kwa mtu aliyelelewa pwani au bara miongoni mwa watu waitumiao salamu ile, aitikiaye marahaba hupokea heshima aliyostahili kwa umri au kwa ujamaa, na aipokeaye bila kustahili huona haya. Nimewaona walimu wenye akili wakilitatua jambo hili kwa njia nyepesi: hawawaamkishi wanafunzi wao kwa wao, bali huwatoa nje wakaenda kumwamkia mzee mlinzi wa lango, au mama auzaye chai, ambaye humwitikia kila mmoja na kumwuliza ametoka nchi gani. Kifaa chenyewe ni cha bure, na salamu imefika kwa mwenyewe.

Neno pole lina uzito zaidi. Zoezi la kadi hutoa hivi: mmoja asoma, "Nimeanguka," mwingine ajibu, "Pole." Mmoja asoma, "Naumwa na kichwa," mwingine ajibu, "Pole sana." Baada ya kadi 20 neno lile limekuwa jepesi kama ganda la karanga. Sitaki kusema kwamba neno huharibika kwa kutamkwa mara 20. Nasema kwamba mwanafunzi amelijua kama jibu la kadi, na siku atakapokutana na mwenye kuumia atakuwa na kazi ya pili, kuliondoa kwenye kadi na kulirudisha kwa mtu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la Kiswahili la vijana wa kigeni, nikimsikiliza mwalimu mwenzangu akifundisha, naye alikuwa mwalimu hodari. Somo lilikuwa juu ya jamaa na kazi. Wanafunzi walikaa wawili wawili wakiulizana kwa kadi. Kadi moja ilisema, "Baba yako anafanya kazi gani?" Kijana mmoja akajibu, "Baba yangu ni seremala. Anafanya kazi mjini." Ngeli zilikuwa sawa, kitenzi kilikuwa sawa, na mwalimu alipopita akasema, "Vizuri sana." Baada ya kipindi kijana yule alinifuata, akaniambia kwa Kiingereza kwamba baba yake alikuwa amekufa. Alikuwa seremala kweli, lakini alikuwa amekufa. Nikamwuliza kwa nini hakusema hivyo. Akajibu kwamba wakati uliopita ulikuwa ni somo la juma la tano, nao walikuwa katika juma la tatu. Kusema "Sina baba" alijua, lakini aliona kwamba maneno hayo yangekuwa na maana ya kuwa hakupata kuwa naye.

Sijui kama msomaji atalihesabu jambo hili kuwa dogo. Mimi sikuliona hivyo. Hapana aliyekusudia ubaya. Mwalimu hakujua, kijana hakutaka kudanganya, mwenzake alikuwa akisoma kadi tu. Hata hivyo mtoto alisimama mbele ya watu akakana kifo cha baba yake kwa sarufi iliyo sahihi, akasifiwa. Watoto wa shule ya Augustine walisifiwa kwa kilio kisicho na msiba. Huyu alikuwa na msiba, akasifiwa kwa kutokuwa na kilio. Na kilichomfikisha hapo ni mpango wa masomo, ulioamua kwamba watu wote huishi katika wakati uliopo mpaka juma la tano.

Kwa sababu hii nasema kwamba mpangilio wa masomo ya lugha ni jambo la maadili, ijapokuwa watungaji wa vitabu hulishughulikia kana kwamba ni suala la wepesi na ugumu tu. Anayeamua ni maneno gani yatangulie na yapi yangoje ameamua pia ni kweli zipi zaweza kusemwa na zipi zitangoja. Yamkini mtu atajibu kuwa hapana budi kuanzia mahali fulani, na kuwa -li- haliwezi kufundishwa pamoja na -na- siku ya kwanza. Sawa. Lakini Kiswahili kina neno marehemu. Mtu husema "marehemu baba yangu," na kwa neno hilo moja, pasipo kiambishi cha wakati wala sheria ya kitenzi, msikilizaji amejua, naye ataitika, "Mungu amrehemu." Orodha ya maneno ya somo lile ilikuwa na kaka na dada, mjomba na shangazi, binamu na wifi. Marehemu hakuwamo. Nimepekua vitabu vingi vya mwanzo vya Kiswahili kwa wageni tangu siku ile nikilitafuta neno hilo katika sura ya jamaa, nami nalikuta kwa nadra.

Lipo fungu jingine la vifaa ambalo laweza kuzungumzwa kwa ufupi, kwa kuwa ubaya wake u wazi. Katika shule za Wales katika karne ya 19 mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelshi alivishwa shingoni kipande cha ubao kilichoandikwa herufi za kumkataza, naye alikingoja kimtoke kwa kumkamata mwenzake. Kifaa cha namna hiyo kilitumika katika shule nyingi za Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, aliandika jinsi kifungo kilivyopita toka mkono wa mtoto hata mkono wa mtoto, na jinsi watoto walivyofundishwa faida ya kuwasaliti wenzao. Wengi wamekilaani kifaa hicho kwa sababu ya lugha za mama zilizodharauliwa, na laana hiyo ni ya haki. Mimi naongeza jambo moja dogo. Kilikuwa ni kifaa cha kufundishia kusema, na somo lake kuu lilikuwa ni kusikiliza kwa hila. Mtoto aliyefundishwa kumsikiliza mwenzake ili amkamate amefundishwa kisicho mazungumzo kabisa, hata akitoka shuleni na Kiingereza kizuri kuliko cha mwalimu wake.

Sasa nirudi kwenye swali la mwenye jibu, kwa sababu sitaki msomaji adhani kuwa nimelihukumu lote. Wazee wetu walikuwa na swali la namna hiyo, tena walilipenda. "Kitendawili!" asema bibi. "Tega!" waitika wajukuu. "Nyumba yangu haina mlango." Wajukuu hubahatisha, hushindwa, na bibi hudai mji. Hupewa mji, pengine Mombasa, pengine Unguja, akaupokea kwa majivuno ya malkia, akaeleza anavyoufurahia; ndipo atoapo jibu, kwamba ni yai. Hapa nako mwulizaji alijua jibu tangu mwanzo. Tofauti iko wapi, basi?

Iko katika mambo ambayo twaweza kuyaona tukitazama vizuri. Aliyeulizwa alitoa idhini yake aliposema tega. Asingelisema, swali lisingekuja. Jibu limefichwa kwa adabu, na wote wanajua kuwa limefichwa, hivyo hapana mtu anayejifanya hajui. Ashindwaye hulipa kwa mji ambao si wake, na aibu yake hugeuka kicheko. Na kubwa zaidi, zamu hugeuka. Mtoto wa miaka 7 aweza kumtegea bibi yake, na bibi akashindwa, na mtoto akadai mji. Katika darasa la kalamu zamu haigeuki kamwe. Mwaka mzima hupita, na mwanafunzi hajapata kumwuliza mwalimu swali hata moja ambalo mwalimu lazima ajibu.

Kinachosikitisha ni kuona vile vitendawili vyenyewe vinavyofanywa vikiingizwa shuleni. Hupangwa kumi kumi katika ukurasa, majibu yakawekwa nyuma ya kitabu, na juu yake pameandikwa amri ya kuvitegua kwa alama mbili kila kimoja. Idhini imeondoka, mji umeondoka, bibi ameondoka. Yai limebaki, nalo ni yai viza.

Basi, wengine wamepata dawa wanayoidhani kuwa kamili. Wasema: mwalimu aulize tu yale asiyoyajua. Kila mtoto amekuja shuleni na habari ambazo mwalimu hana: njia aliyopita, aliyemwona, alichokula, waliyozungumza nyumbani. Hapo mtoto atasema kweli, na mwalimu atasikiliza kweli. Nilivutwa sana na rai hii, na bado naona kuwa ina heri nyingi. Samaki anauzwaje leo feri? Mvua imefika kwenu? Maswali haya hayahitaji fedha wala picha za rangi, na mtoto hujibu akiwa amenyanyua kichwa.

Lakini swali la kweli nalo lina hatari yake. "Jana usiku mlikula nini?" ni swali jema kwa walioshiba. Yuko katika safu ya nyuma mtoto ambaye kwao hawakupika, na swali lile, ambalo ni la kweli, limemfunulia pazia la nyumba yake mbele ya watu 60. Atafanya nini? Atasema wali na kuku. Tumekwisha kumrudisha kwenye uongo kwa njia ya ukweli. Kiswahili kina neno stara, na watu wa lugha hii huomba kwa Mungu wasitiriwe kabla ya kuomba mali. Mtu hana haki ya kuijua kila kweli ya mwingine kwa sababu tu yeye ni mwalimu na leo ni siku ya kufundisha vyakula. Kwa hiyo mwalimu amesimama kati ya swali lisilotaka jibu na swali lililotaka jibu kupita kiasi, na sioni kanuni iwezayo kumvusha salama siku zote.

Hapa ndipo nionapo kuwa tumeyadharau mapokeo fulani bila kuyachunguza. Kuitikia pamoja, ambako vitabu vya ualimu hukuita kukariri kwa kasuku, kuna stara yake. Mtoto mwoga hujificha katika sauti za wengi, akajaribu ulimi wake pasipo kuonekana. Katika vyuo vya Kurani vya pwani watoto husoma kwa sauti, kila mmoja na ubao au msahafu wake, kisha mwalimu humwita mmoja mmoja, akamsikiliza na kumsahihisha mahali ulimi ulipokosea mahali pa kutokea herufi. Maneno si ya mtoto, wala hapana adaiye kuwa ni yake. Ni maneno yanayoheshimiwa, naye anakabidhiwa amana. Huko kusema maneno ya mwingine si unafiki, kwa sababu kila mtu ajua ni ya nani. Mwalimu wa shule yenye wanafunzi 80 na chaki moja asidharauliwe anapowaitikisha pamoja. Ana lawama tu ikiwa mwaka utakwisha hajamwita hata mmoja akasema lake.

Mitihani sitaizungumza sana, kwa kuwa wengi wameizungumza. Natoa mfano mmoja. Kwa miaka mingi, katika mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne nchini Kenya, karatasi ya kwanza ilikuwa na sehemu ya stadi za mazungumzo. Mtahiniwa aliulizwa maneno gani yanalingana kwa sauti, au angetumia ishara gani akisoma shairi mbele ya watu, au akajazie mazungumzo ya simu yenye nafasi tupu. Yote aliyajibu kwa kalamu, katika ukumbi ambamo atakayesema neno angetolewa nje. Sababu zake zaeleweka: watahiniwa ni wengi mno, wasikilizaji ni wachache, na sikio la mtu ni rahisi kupendelea. Sina suluhisho la hesabu hiyo. Lakini kijana aliyeyapitia hayo atakuwa ameelewa kwamba kusema ni jambo la kuandikwa kwa mtu asiyeonekana, na atakapokuwa mwalimu hatakumbuka kwamba lilipata kuwa jambo jingine.

Sasa zimekuja programu za simu zenye kumsikia mwanafunzi na kumjibu kwa sauti. Zamani kinasa sauti kilitamka sentensi, kikaacha kimya cha nusu dakika, mwanafunzi akaijaza, na mashine ikaendelea kana kwamba amesema, hata kama alikuwa anapiga miayo. Hizi za leo husikia, hurekebisha, huuliza tena. Wako wazichukiao, mimi si mmoja wao. Mwanafunzi aonaye haya hupata ndani yake stara ambayo darasa halina. Aweza kukosea mara mia usiku wa manane na hapana wa kumcheka. Kasoro yake naiona mahali pengine. Mwanafunzi mmoja alinionyesha programu aliyokuwa akiitumia. Ilimwuliza, "Una ndugu wangapi?" Akajibu, kisha akaiuliza, kwa adabu aliyofundishwa, "Na wewe je?" Programu ikamjibu kwa Kiswahili safi kwamba ina kaka wawili na dada mmoja. Kijana akacheka, mimi sikuweza kucheka. Ni majibu yale yale ya kadi: ngeli sawa, kitenzi sawa, na nyumbani hapana mtu.

Lau ningepewa ruhusa ya kupanga juma la kwanza la somo la lugha, kabla ya kalamu na kabla ya kiti, ningetanguliza maneno machache. Sijui. Sikusikia, tafadhali rudia. Marehemu. Sipendi kulisema hilo. Na wewe je? Hayo matano hayana ugumu wa sarufi ambao mtu mzima hawezi kuubeba kwa kuyakariri tu. La nne nimelipigania katika vikao vya walimu, na baadhi yao wamelipinga wakisema litakuwa kichaka cha wavivu. Kwamba kila aulizwaye atalikimbilia. Baadhi watalikimbilia, ni kweli, kwa siku mbili tatu. Mtu huchoka upesi kukataa akiwa anajua kwamba anaruhusiwa kukataa.

La tano ndilo gumu, na ugumu wake ni wa mwalimu. Aliyeuliza, "Baba yako anafanya kazi gani?" ataulizwa, "Na wako je, mwalimu?" Hapo darasa lote litanyamaza kusikiliza, kwa kuwa hapana ajuaye jibu isipokuwa yeye. Aweza kulijibu. Aweza pia kusema, "Sipendi kulisema hilo," nao wataandika katika madaftari yao jinsi sentensi ile itamkwavyo na mtu aikusudiaye.